Siku Uliyolishika Zeze la Baba

Mama yangu mpendwa, uliyelala Iyula,

Nakuandikia nikiwa huku Mpemba nilikoolewa, na mpaka leo mshtuko ulionipa siku tulipomzika baba haujanitoka.

Sote tuliamini unalichukia zeze. Jioni baba akitoka kwenye mibuni alikaa mlangoni, kibuyu kifuani, mti mrefu wa zeze ukimpita bega, akaanza kuvuta uta. Wewe ulichukua ungo wako ukatoka. "Napisha kelele," ulisema. Wazee wa kanisa walipomtaka achague kati ya ubatizo na zeze, maana zeze liliandamana na pombe, baba alicheka tu. Ukabatizwa peke yako. Mimi nikajiambia: mama ni wa kanisa, baba ni wa zeze, basi.

Kisha homa ikamchukua baba katikati ya msimu wa kuchuma kahawa. Pale kaburini baba mdogo alitaka kaka yake apigiwe wimbo wake wa kila jioni kabla ya kushushwa. Mzee Yohana, kiongozi wetu wa kanisa, akakataa. Wakabishana mbele ya maiti, nikaona aibu. Mwishowe baba mdogo akampa mpigaji mmoja wa Chapwa, aliyekuja kuhani, zeze la marehemu.

Yule bwana alipofika katikati ya wimbo, uliinuka kwenye mkeka.

"Nipe," ulimwambia. "Hapo sivyo."

Mama, nilidhani unakwenda kulivunja! Nilikurukia nikakushika kanga, ukaniondoa mkono bila hata kunitazama. Ukaketi juu ya udongo uliochimbuliwa, ukakaza nyuzi, ukalisikiliza kidogo kwa sikio, ukapiga.

Sikuwahi kusikia zeze likilia vile. Baba mdogo aliachia jembe. Karani wa boma, ambaye hakuwa akimvulia kofia mtu ila mzungu, alivua. Mimi nikakaa chini.

"Mama Andrea, weka chini," Mzee Yohana alisema.

"Nikimaliza."

Ukamaliza, ukalilaza zeze pembeni mwa baba lizikwe naye, ukarudi kwenye mkeka wako kama mtu aliyekwenda kuchota maji.

Kanisa likakutenga na Meza ya Bwana. Kila Jumapili ulikwenda vilevile, ukakaa nje karibu na mlango, mpaka Mzee Yohana mwenyewe akatoka akakushika mkono kukuingiza ndani.

Nilikuuliza tulipokuwa tukipukuchua mahindi. "Mama, ulijifunzia wapi?"

"Kwa baba yangu. Na wimbo ule niliutunga mimi. Nilipoolewa, mawifi zangu wakasema mwanamke wa zeze hazai. Nikaacha, wimbo nikampa baba yako."

"Kwa hiyo hukulichukia?"

"Nilichukie kwa nini? Alikuwa akiukosea wimbo wangu pale katikati, miaka yote. Ningekaaje pale kusikiliza?"

"Sasa mbona hukumwambia?"

Ulitazama mahindi mkononi. "Alikuwa akifurahi mno, mwanangu."

Nilinyonya ziwa lako, nililala mgongoni mwako, nilikula ugali kwa mkono wako, kumbe nilikuwa nikiishi na mtu nisiyemjua. Wakati mwingine nasonga ugali hapa, nakukumbuka, mwiko unasimama wenyewe.

Tulipokuzika wewe mvua hizi zilizopita, Mzee Yohana, ambaye sasa hata haoni vizuri, aliniita mimi kifungua mimba nieleze watu mama yetu alikuwa nani. Mdogo wangu Andrea alikuwa amenifundisha njiani la kusema: ulikuwa Mkristo mwema, mkulima hodari, mlezi wa yatima. Yote kweli. Nikasimama, nikafungua kinywa, nikasema:

"Mama yangu alikuwa mpiga zeze."

Watu walinitumbulia macho. Hata mimi nilijishangaa. Nikamgeukia Mzee Yohana nikingoja anikemee. Alikuwa ameinamisha kichwa, akiitikia, "Kweli."

Pumzika, mama.

Mimi, mwanao wa kwanza