Nimelaza Shamba, Sasa Naona Haya Kufurahi

Bi Hortensia wa gazeti letu, nakuandikia nikiwa nimekwama, na usinicheke, maana hata kulitamka tatizo langu ni aibu: mwaka huu nina furaha.

Mimi ni mkulima wa matikiti na mahindi kwenye mfereji waliouchimba babu zetu kutoka Mto Arkansas, na tangu nipate akili sijawahi kuona kiangazi bila kukimbilia lango la maji, ila mwaka huu bwawa la mjini lilipungua, watu wa mji wakaja kuomba, na chama chetu cha mfereji kikaamua kwamba anayetaka awakodishe maji yake kwa msimu mmoja tu, shamba lilale, mwakani maji yarudi, nami nikatia sahihi, nikabakiza kipande cha matikiti karibu na nyumba na kulaza shamba kubwa, lile linalopakana na Delfino, ambaye tunaitana kumpadre kwa kuwa ndiye aliyemsimamia binti yangu ubatizo. Bi Hortensia, sikujua nilivyokuwa nimechoka! Nimevua samaki. Nimelala mchana kama paka. Nimecheza dansi na mke wangu Ofelia kwenye ukumbi wa kanisa mpaka padri akatupigia makofi.

Lakini marehemu baba alituapisha kwamba maji yasiyotumika ni maji yaliyopotea, yeye alimwagilia hata magugu ili asije mtu akasema sisi akina Archuleta hatutumii maji yetu tukanyang'anywa haki ya maji, na wale wa wilaya jirani waliouza maji yao moja kwa moja tunawaona, mashamba yamebaki vumbi. Basi kila asubuhi navaa buti za mpira, nabeba koleo begani, natembea kandokando ya mfereji ili majirani wadhani nina kazi, na Ofelia husimama mlangoni akinipigia kelele: "We mzee, leo unamwagilia nini, kivuli chako?"

Kinachoniumiza ni Delfino. Hanisalimu. Namwona kutwa ameinama mpakani na jembe, anang'oa miiba na kuirusha upande wangu kwa hasira. Kwangu magugu yamefika kiunoni, ila hayo si kitu, baridi itayaua. Juzi nilimwita, "Kumpadre, habari za asubuhi!" Akanijibu, "Kawaulize wa mjini, ndio wenye shamba." Tumekua pamoja, Bi Hortensia, na ukimya wake unanitafuna. Je, nivunje mkataba? Au niache kufurahi?

Eluterio, Mkia wa Mfereji

*

Eluterio, mwanangu, nimecheka mpaka kahawa ikanipalia. Mtu mzima unamwagilia hewa!

Tuanze na furaha yako. Ifurahie! Mgongo wako umestahili kupumzika tangu zamani. Hukuuza maji, umeyakodisha, na hisa zako za mfereji ziko palepale. Chama kiliwaeleza kwamba msimu wa mkataba unahesabiwa kama umetumia maji. Ulikuwa unasinzia mkutanoni? Baba yako aliogopa kwa haki kwa sababu zama zake ilikuwa ni kuyatumia, kuyauza au kuyapoteza tu. Kama angepewa njia ya kusaidia mji wenye kiu na shamba likabaki lake, naye angekwenda kuvua samaki. Mkataba usiuvunje. Kuna watoto mjini wanaoga kwa maji hayo.

Sasa nikuvute sikio. Unasema magugu yamefika kiunoni "si kitu". Si kitu kwa nani? Ukilaza shamba hulitelekezi! Mbegu za magugu yako zinaruka hadi kwenye matikiti ya Delfino, na yakikauka yatabingirika na upepo mpaka yazibe mfereji wenu nyote. Wewe unacheza dansi, mwenzako anapalilia mashamba mawili. Umekaa ukidhani amekasirikia maji, kumbe mgongo unamuuma. Na bado unashangaa hakusalimu!

Kesho kodi mashine, fyeka shamba zima kabla magugu hayajamaliza kumwaga mbegu, kisha otesha nyasi ngumu zisizodai maji mengi, zishike udongo. Halafu ingia kwa Delfino upalilie mistari yake ya mpakani, usiombe ruhusa wala usitoe hotuba. Akikutukana, palilia. Akinyamaza, palilia. Ofelia apeleke tamale za moto, zile za unga wa mahindi na nyama zilizofungwa kwa maganda, maana hakuna mwanamume wa bonde hili anayeendelea kununa akiwa na tamale mdomoni.

Akishaanza kuzungumza, na atazungumza, namjua huyo tangu akiwa anaiba mahindi yangu, usijitetee. Mwambie hivi: "Kumpadre, mwakani mji ukiomba tena, ni zamu yako ya kulaza shamba. Nenda kavue, nenda kacheze na mkeo. Magugu yako nitayafyeka mimi."