Mlango uliojifunga nyuma yangu

Ernestina, nachapa kwa mkono mmoja.

Kitendawili: hunitoa lakini hanirudishi. Ni mlango wa huku ughaibuni!! Nimetoka kutupa takataka tu, ukajifunga nyuma yangu. Ufunguo ndani, simu ndani, maharage motoni. Na mjukuu wangu Ian amelala peke yake. Hata kutambaa hajui!

Nikagonga milango yote ya korido. Nikapiga yowe. Kwetu wangejaa uwanja mzima. Huku, kimya.

Halafu nikasikia harufu ya kuungua.

Ernestina, hata kuomba nilishindwa. Kinywa kikaanza chenyewe ule wimbo wangu wa shukrani wa kila asubuhi. Nalia, naimba. Asante ya nini? Mtoto yuko kwenye moshi!

Mlango wa jirani ukafunguka. Yule mzee Mzungu anayenigongea ukuta kila asubuhi nikiimba! Kiingereza kikanikimbia. Nikamwonyesha moshi, nikaigiza kubembeleza mtoto kwa mikono mitupu. Akaelewa. Akampigia msimamizi wa jengo, aliyekuja mbio na funguo.

Ian mzima. Anakoroma. Kiganja changu kiko kifuani pake, sithubutu kukitoa.

Mwanangu Elinaja karudi kutoka kazini, kamuuliza yule mzee mbona alichelewa. Mzee kajibu, "Yowe liliniogopesha, nikajifungia. Niliposikia wimbo, nikajua ni bibi wa ukutani."

Bibi wa ukutani, Ernestina!

Bado naogopa. Lakini kesho asubuhi naimba. Akigonga ukuta, nitashukuru kwamba yupo.