Biringani ya Milango Miwili

Jumapili, 16 Februari

Leo wameniletea gari la njano. Milango miwili, injini nyuma, kelele nyingi kuliko akili ya mwenyewe. Mwenyewe anaitwa Fawaz. Anataka nilivishe stika ya rangi ya biringani, isiyong'aa. Nikamwambia njano hii ni nzuri, iache. Akaniangalia kama niliyemtukania mama. Binamu yake Jarrah ndiye anayelinunua, na Jarrah kaagiza biringani, alitembeze barabara ya pwani Jumanne ya wiki ijayo, sikukuu ya taifa. Siku ambayo Kuwait nzima inamwagiana povu na maji juu ya magari! Haya.

Nikauliza kama limewahi kupigwa rangi upya. Rangi ya kiwandani inavumilia stika. Rangi ya gereji za vichochoroni hubanduka nayo.

"Fundi Nizar, naapa kwa kichwa cha baba, halijaguswa na mtu."

Kichwa cha baba yake! Baba yake ni Bu Rashid. Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa mgeni hapa kwenye gereji za Shuwaikh, nimetoka kwetu Homs, vitani, na begi moja, mteja akadai nimelikwaruza gari lake kwa wembe. Bu Rashid alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha plastiki, anasubiri gari lake. Akasema tu: kama huyu kasema si yeye, basi si yeye. Yakaisha. Kichwa kile si cha kuapia ovyo.

Hata hivyo nikatoa kipimo cha unene wa rangi. Khalaf, bosi wangu, akanishika mkono. Mtoto wa watu huyu, akanong'ona, unampimaje kama dalali wa mnada? Nikakirudisha kwenye droo. Na bado najiita fundi.

Jumatatu, 17 Februari

Nimelisugua gari lote kwa spiriti mara mbili. Nimefungua taa, vioo, vitasa. Fawaz amekaa kwenye kochi na chai yake ya zafarani, anajipiga video. "Tunalivisha, vijana, tunalivisha!" Tunalivisha — yeye na nani? Alikula sambusa, kisha akaja kuipapasa boneti. Nikamwambia vidole mfukoni. Akasema nina roho mbaya. Ninayo.

Boneti imelala bila kiputo hata kimoja. Naliandika hilo kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema.

Jumanne, 18 Februari

Bampa ya nyuma. Mgongo unauma. Fawaz hakuja, siku nzima ya raha.

Jumatano, 19 Februari

Nimemaliza adhuhuri. Kusema kweli limependeza, limekuwa kama mahameli. Jarrah akaja kuliona. Kijana mwembamba, mwenye kucheka, hana hata ndevu za kutosha. Anasema barabara ya Salmi alfajiri huwa tupu, atajua kama ile kilomita mia tatu kwa saa kwenye dashibodi ni ya kweli au ni pambo. Wote wakacheka. Mimi pia.

Alipoondoka, Fawaz akatoa chetezo. Akalizungushia gari moshi wa udi mara tatu. Sawa, moshi hauna neno. Mara akachomoa kichupa cha mafuta ya udi, ya bibi yake, akayamimina kiganjani, akaupaka mlango wa kushoto hadi kule nyuma kwenye gurudumu. Taratibu, kama anayempaka bwana harusi.

"Watu wana macho ya husuda, fundi."

Hawa watu wanafukiza kila kitu: wageni, mito, ndevu. Lakini plastiki! Stika isiyong'aa ikinywa mafuta imekunywa. Kufika alasiri, kiganja kizima na vidole vitano vimejichora mlangoni.

"Lifute doa basi."

Halifutiki.

"Tia nta."

Nta ndiyo italimaliza kabisa, nikamwambia. Lazima nibandue stika ya mlango na ya ubavu wa juu ya gurudumu la nyuma, nianze upya kesho. Alipotoka nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni.

Alhamisi, 20 Februari

Leo sikucheka.

Nilipasha stika moto, nikaivuta polepole, kwa utaratibu wote ninaoujua. Ikaja na rangi ya njano, kama ganda la ndizi. Chini yake puti, unene wa kidole changu cha mwisho. Nikaikwangua. Chini ya puti kuna mshono wa kuchomelea, unatoka kizingiti cha mlango mpaka kwenye gurudumu, umechomelewa na mtu aliyekuwa na haraka. Gari hili lilikatika. Likaunganishwa.

Nikamwita Khalaf. Khalaf akampigia Fawaz. Alipofika na kuona, alikaa bila kuambiwa kaa. Desemba, akasema. Baba alikuwa nje kwa matibabu. Nguzo, barabara ya Wafra. Hakuna aliyeumia.

"Baba akijua atakufa, fundi."

Hatakufa, nikamwambia. Atakujua tu.

Nikasema gari kama hili kwenye mwendo anaoutaka Jarrah litafunguka kama kopo. Khalaf akashusha shata la mlango. Piga rangi, akasema, funika, Jarrah achukue gari lake. Kibali chako cha kukaa nchini nakisaini mimi mwezi ujao, Nizar, na wanao wanasoma hapa. Alilisema kwa upole, kama anayeagiza chai.

Nikajaza puti, nikapiga rangi. Ilipokauka nikafunika. Magharibi ilipoingia, upande ule ulikuwa safi kuliko pande zote. Niliifanya kazi vizuri sana.

Ijumaa, 21 Februari

Mapumziko. Mke wangu, Hala, aliona sili, akauliza. Nikamwambia kila kitu. Akasema mwambie yule kijana, hata kwa simu, ana mama yule. Akaondoa sahani mezani. Akarudi, akasimama mlangoni: na shule ya watoto je? Nikawasha televisheni.

Jumamosi, 22 Februari

Bu Rashid yuko hapa. Amekuja na mkongojo, amekonda, kanzu imemzidi. Alinisalimu mimi kabla ya Khalaf. Aliuliza hali ya mama yangu, kwa jina. Kisha akalizunguka gari bila kuligusa.

"Limekuwa baya kweli," akasema. Nilimpenda mzee yule.

Fawaz akasema, "Ndiyo mtindo, baba."

"Mtindo wa nani? Wa mboga?"

Jarrah akacheka hadi akashika tumbo. "Ami, wewe nipe funguo tu."

Mzee akanivuta pembeni. Baba yake Jarrah ni ndugu yake wa damu. Ndugu huyo hawezi kulipeleka gari kwa mafundi wa ukaguzi, maana kukagua mali ya ndugu ni kumwita ndugu mwongo. Anangoja neno la Bu Rashid, basi.

"Na mimi magari siyajui, Nizar. Mwanangu kaniapia, lakini ni mwanangu. Wewe ndiye uliyelishika kila mahali. Nikitoka kuswali utaniambia lina nini. Utakaloniambia ndilo nitakalompa ndugu yangu."

Wakaadhini alasiri. Yeye na Khalaf wamevuka kwenda msikitini. Jarrah yumo ndani ya gari, anajirekebishia kiti, anajitazama kwenye kioo. Fawaz ameegemea mlango wa kushoto, palepale penye mshono, hanitazami. Hawajui naandika nini. Wanadhani ni orodha ya vifaa.

Miaka kumi na moja nimewadharau vijana hawa kwa wanayoyaficha chini ya stika. Na aliyekuwa akiwafunikia ni nani? Jana nilikuwa na namba ya Jarrah kwenye simu, siku nzima, na nikatazama mpira.

Sala imekwisha. Watu wanatafuta viatu. Jarrah amewasha injini, anaivumisha, anacheka peke yake. Khalaf anakuja mbio mbio, ananitolea macho. Nyuma yake Bu Rashid anavuka barabara na mkongojo wake, magari yanamsubiri. Mkono wa kulia ameshaunyoosha tangu kule ng'ambo, wa kunipa mimi, na wangu bado una kalamu