Hadina, Maziwa na Kifua cha Baba Nasra

Jumapili, alasiri. Mvua imekatika lakini hewa bado nzito, nguo nilizofua juzi hazijakauka, na mimi situlii. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, narudi kukaa.

Mume wangu, Baba Nasra, yuko barazani anakohoa.

Yeye anapiga rangi magari kwenye gereji hapa Buguruni. Mimi nauza rangi Kariakoo, dukani kwa baba mdogo, mtaa wa nyuma ya Msimbazi. Nilisomea kemia, na kemia yenyewe imenifikisha nyuma ya kaunta, nawapimia mafundi hadina kwenye chupa za maji ya kunywa. Hadina ni ile dawa inayochanganywa na rangi ili igande. Silalamiki. Kazi naipenda.

Chuoni nilichokipenda kuliko vyote ni alofaneti. Hadina ikikutana na rangi, molekuli zao zinashikana kwa kifungo kiitwacho uretheni, na hapo ungedhani kazi imekwisha. Lakini hadina ikizidi na joto nalo likizidi, ile iliyobaki inarudi kukishika kifungo kilichokwisha kufungwa. Kifungo juu ya kifungo, ndiyo alofaneti hiyo. Niliiona kama mgeni asiyejua kushiba, nikacheka peke yangu maabara.

Sasa sicheki. Msimu huu wa mvua Baba Nasra anazidisha hadina ili rangi ikauke upesi. Anapuliza rangi huku amejifunga kitambaa puani, na ule ukungu wote anauvuta. Hadina haichagui. Ikikosa rangi ya kushika, inashika kifua.

Mafundi wa hapa wana dawa yao moja: maziwa. Ukimaliza kupuliza unakunywa glasi ya maziwa, eti sumu inashuka. Mimi ndiye ninayeyachemsha kila jioni, na sukari naweka, huku najua kabisa kwamba maziwa yanaenda tumboni na hadina iko kwenye mapafu. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa anayanywa kwa raha.

Jana alimbeba binti yetu Nasra kutoka duka la jirani, akamteremsha njiani, pumzi imemwishia. Mtoto mwenyewe hata shule hajaanza.

Niliogopa.

Kwa hiyo leo alipoomba maziwa, sikuwasha jiko. Nikamweleza yote. Kwamba kifua kikishaikataa hadina, hata kidogo tu inaweza kumkaba, na kitambaa hakizuii kitu. Kwamba aende hospitali, na kupuliza aache. Alinisikiliza mpaka mwisho, anatazama mikono yake. Watu wanatoka mbali kumfuata kwa jinsi anavyojua kufananisha rangi. Namwambia aache, halafu awe nani?

"Nimalize hii moja tu, Mama Nasra," akasema. "Ni gari la harusi."

Kisha akauliza kama nimemletea hadina yake.

Ilikuwa mkobani. Nikatoka nayo uani, nikafungua kifuniko, nikamimina maji kijiko kimoja, nikatikisa. Hadina na maji haviivani kabisa. Taratibu vipovu vikaanza kupanda. Sikurudisha kifuniko, maana ukiifunga chupa inavimba mpaka ipasuke. Nikarudi barazani nikamwambia imeharibika.

Hakuuliza imeharibikaje. Alitoka akaitazama chupa, halafu akanitazama mimi. Ameshika hadina tangu ujana wake, anajua inaharibiwa na nini.

"Basi kesho nitapitia dukani," akasema, kikohozi kikamkata.

Angeweza kwenda duka lolote, Kariakoo nzima wanauza hadina. Lakini atakuja kwangu, namjua. Atasimama mbele ya kaunta na chupa tupu mkononi, mbele ya baba mdogo, kama mteja yeyote.

Nitampimia?