Kicheko Changu Dukani kwa Salimu

Msambweni, Jumatano, 1957. Mvua tangu alfajiri, kuta zimelowa, nami nimechoka kama mtu aliyepigwa.

Leo nimehukumiwa kwa kucheka, na sikucheka.

Nimo edani. Huu ni mwezi wa tatu tangu Hamisi, mume wangu, azikwe. Sitoki, sijipambi, sauti yangu haivuki kizingiti. Lakini duka la Salimu limepakana na chumba changu, na Salimu amenunua redio.

Kabla ya msiba, watu wa redio walikuja hapa na mashine ya kunasa sauti. Walitukusanya uwanjani. Nilidhani tutaonyeshwa mchezo, kumbe hapakuwa na mchezo. Bwana mmoja mwenye tai alituambia, "Nikiinua mkono, chekeni. Nikishusha, nyamazeni."

Tukaicheka hewa. Wengine walikohoa tu. Mimi kuona watu wazima wanavyojikamua, nikashikwa na kicheko cha kweli, kile changu cha kupanda na kushuka. Yule bwana akawanyamazisha wote, akanichekesha peke yangu, tena na tena, mpaka mbavu zikaniuma. Hamisi alisimama nyuma akiwaambia watu, "Mke wangu huyo."

Tangu hapo nimo katika kila mchezo wa redioni. Mtu akipigwa kibao, nacheka. Kipofu akijikwaa, nacheka.

Jana alasiri mavyaa wangu, Bi Mwanasha, mama yake Hamisi, alikuja na wanawake wawili wa ukoo kumsomea marehemu Yasini. Tulikuwa katikati ya dua, viganja viko juu. Ng'ambo ya ukuta mchezo ukaanza: mume mgonjwa anaugulia, na mkewe anamficha uji. Mume akakata roho kwa mbwembwe.

Nikacheka.

Nilicheka kwa raha zangu zote huko redioni, na huku nimeketi kimya, machozi yamefika kidevuni. Wale wanawake walinitazama mdomo. Mavyaa akashusha mikono.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Ni ile mashine. Siku ile Hamisi mwenyewe alikuwapo."

"Mwanangu yu kaburini, nawe wacheka."

"Sikucheka sasa, wallahi."

"Kwani hilo sanduku lingekuwa na kicheko chako kama hukukitoa?"

 

Leo asubuhi akaja shemeji yangu, Juma, mdogo wake Hamisi. Alisema nami akiwa nje ya pazia, hata hali hakunijulia. Eda ikiisha, nirudi kwetu Mkwiro. Binti yangu Mishi abaki kwa bibi yake.

"Mama amesema damu yetu hailelewi na mwanamke wa kuchekacheka," akasema.

Nilimwomba akamuulize Salimu. Salimu alikuwapo uwanjani, alisikia yote.

"Ameshaulizwa, shemeji. Asema yeye hajui."

Anajua. Ila redio inamletea wateja, na Bi Mwanasha ana ndugu wengi wanaonunua kwake sukari.

Namchukia Salimu. Nimeandika, na sifuti. Namchukia na yule mwenye tai. Kisha, Mwenyezi Mungu anisamehe, jua lilipotoka kidogo nilimchukia na Hamisi pia, kwa kusimama pale akijivuna badala ya kunishika mkono tukaenda zetu nyumbani.

Alasiri mvua ilipokatika, nilimtafuta Mishi ndani nisimwone. Nikachungulia dirishani. Alikuwa ameketi barazani kwa Salimu, shavu ameliegemeza kwenye redio. Redio ikacheka, naye akapiga makofi.

"Mama huyo! Mama yangu!"

Wateja wakacheka naye. Hao hawakuhitaji kuinuliwa mkono.

Aliporudi aliniparamia mapajani. Bado hajaambiwa lolote.

"Mama, cheka kama kule."

Nikajaribu. Kikatoka kitu kikavu, kama cha mtu aliyepaliwa na maji. Nikajaribu tena, kikawa kibaya zaidi. Mishi alinitazama usoni, akateremka taratibu, akarudi dukani.

Eda ikiisha nitakuwa Mkwiro. Yeye atabaki huku, na kila jioni atanisikia nikicheka.

Atadhani niliondoka hivyo.