Sumaku Iliyookolewa kwa Moto

Guangzhou

Mdogo wangu Yohana,

Hujambo, na kipara chako hakijambo? Goti la shemeji limepoa? Mimi mzima, ila meno yanahama bila kuaga.

Keti kwanza. Juzi nimeiokoa mashine kubwa ya Wachina isiteketee. Mimi huyu, wa darasa la nne.

Haya, nimedanganya. Aliyeiokoa ni Neema wangu na wenzake. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo natafuna karanga, na kidogo niwaharibie shughuli.

Mashine yenyewe inakimbiza chembe ndogo kuliko vumbi, na zinazoziongoza ni sumaku. Nyaya za sumaku hizo wanazipoza mno, hadi umeme unapita bila kukwama popote. Lakini kipande kimoja kikipata joto, umeme wote unaishia pale pale na kupaunguza. Kazi ya Neema ni kuzuia hilo, na juzi walikuwa wanajaribu: wapashe waya mahali pamoja makusudi, waone kama kinga itawahi. Ikishindwa, miaka yake yote inakuwa majivu, na wewe ulishasema angesomea ualimu.

Nikafunga duka langu pale mtaa wa Guangyuan Xilu, nikaenda na tai ya Krismasi. Nikamuuliza, joto likianza mnamwaga maji? "Hapana, baba. Tunaipasha sumaku nzima." Nikajua mwanangu kachoka.

Basi kengele ikalia, taa za hita za kupashia sumaku zikawaka zote. Nikasimama nikapiga kelele kwa Kichina changu chote, cha sokoni: "Bu yao! Bu yao!" Ndivyo tunavyomwambia muuzaji kwamba nguo zake hatuzitaki. Wataalamu wote wakanigeukia. Neema hakugeuka. Aliikodolea macho kompyuta, kashika shingo kama marehemu mama akingoja maandazi yaumuke. Mstari wa umeme kwenye kompyuta ukashuka polepole. Sumaku ikabaki nzima.

Akanieleza baadaye: pasi ikisimama mahali pamoja inatoboa nguo, ikitembea, kila mahali panapata joto la kuvumilika. Umeme unaobaki wanautoa nje, ukapoe kwenye vyuma vyake.

Mkubwa wao, ambaye namwita laoban, bosi, kama mwenye duka yeyote, akaniuliza nimeionaje. Nikamjibu, "Tai gui." Ghali mno. Alicheka mpaka akavua miwani. Neema naye alicheka, kisha akalia, akajifuta kwa tai yangu. Akauliza, "Baba mdogo atasema nini sasa?"

Nisalimie shangazi Tabitha aliyemlea Neema, na mjukuu wangu Baraka, mchunga bata. Mzee wa kanisa anayelala wakati wa mahubiri usimsalimie, ataamka.

Sasa, tukirudi kwenye pasi. Gauni la kwaya la shemeji lilitobolewa mgongoni, na mimi ndiye niliyesema ni mimi. Pilau ya kwake sijaionja tena tangu siku hiyo. Fadhila hiyo nilipe hivi: mpigie Neema leo, mwambie hongera, uishie hapo. Ukiongeza "lakini" moja tu, shemeji atajua ni nani aliyeshika pasi.

Kaka yako,
Zakaria