Wiki Mbili za Kiamishi

Jumatatu, 7 Julai 2003

Siku ya pili bila umeme. Nimetoka kazini, nimefua sare zangu za unesi kwa mikono kwenye beseni la kuogea. Mgongo unalalamika. Friji tumeliacha liwake. Gari pia, maana hapa Arlington, Texas, bila gari hufiki hata dukani. Waamishi watusamehe.

Wazo ni langu, tuishi wiki mbili kama wao. Riwaya niliyoazima kwa akina mama wa kanisani: familia ya mjini inahamia kwa Waamishi, wale Wakristo wa farasi na taa za mafuta. Binti asiyeongea na mama yake analainika kufikia ukurasa wa mia mbili. Upendo wangu ana miaka kumi na sita. Jumamosi ya tarehe 19 wifi yangu Eliza anakuja kumchukua akaishi naye Houston, kule Alief, mpaka amalize shule. Mtoto kaomba mwenyewe, wala hakuniuliza. Hilo limeniuma.

Jumatano, 9 Julai

Hajalainika. Anajibu Kiingereza, neno mojamoja.

Wakati wa kula nimemsimulia maisha yetu ya Moshi: kuni, maji ya mfereji, sabuni ya mche. Amenitazama kama mgeni aliyepitiliza siku zake. Nimeomba subira, nimepewa joto. Baba yake yuko Oklahoma na lori lake. Nilipomweleza amecheka mpaka nikamkatia simu.

Ijumaa, 11 Julai

Anafua bila kuambiwa. Anakamua shuka kwa kuizungusha mkononi, maji yote yanatoka. Mimi sijawahi kumwonyesha. Kajulia wapi?

Jumamosi, 12 Julai

Siku mbaya. Au nzuri. Sijui niiweke wapi.

Leo sikuwa na kazi. Nikatoa jiko la mkaa, Eliza aliniletea zamani kutoka duka la Waafrika huko kwao. Nikaliweka kwenye kibaraza chetu cha ghorofani ili nimfundishe mtoto kuwasha. Nikapuliza mpaka kizunguzungu. Moshi mtupu. Upendo akanisogeza, akapanga mkaa upya, akapepea na mfuniko wa sufuria. Ukashika.

Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Bibi. Every morning, kabla ya shule."

Nikasema haiwezekani, mbona nilimnunulia Bibi kule Moshi jiko la gesi.

"Lile? Alilifunika kitambaa, akaliweka sebuleni. Wageni walikuwa wanaliangalia."

Nilikuwa ndiyo kwanza nimebandika maji ya ugali tuliposikia king'ora. Jirani wa chini aliona moshi, akaita zimamoto. Wanaume wanne na mpira wa maji, kwa ajili ya ugali. Baba Upendo akaingia na begi lake la safari wakati huohuo. Hakucheka tena.

Jumatatu, 14 Julai

Barua kutoka ofisi ya apatimenti. Tukirudia, tunahama. Mume wangu amesema mchezo umekwisha, kawasha kiyoyozi na televisheni. Ana haki. Upendo ameanza kupanga nguo kwenye sanduku.

Naogopa. Akienda hatarudi, atakuja tu kutusalimia.

Jumanne, 15 Julai

Nimewaza kutwa nzima, hata kazini nikikunja mashuka ya wazee. Nilimwacha kwa Bibi ana miaka mitatu, nikaja huku. Makaratasi yake yalitoka ana miaka tisa. Miaka sita. Mimi nilikuwa namfundisha umaskini wa kitabuni mtoto aliyefua, aliyechota, aliyewasha moto kwa Bibi alfajiri. Nilidhani nimelea Mmarekani. Sijawahi kumuuliza hata siku moja aliishije. Niliogopa jibu. Mjinga mimi.

Alhamisi, 17 Julai

Baba Upendo amesafiri tena. Nimerudi kutoka kazini, nimezima televisheni mwenyewe. Nimekaa kitandani kwake, kando ya sanduku, nikamwambia anisimulie Moshi. Yake, siyo yangu. Alikunja kwanza blauzi mbili, akaziweka sandukuni. Sikumharakisha.

Akaanza na siku niliyoondoka. Bibi alimwambia nimekwenda sokoni. Akavaa viatu, akakaa mlangoni kunisubiri. Kesho yake akavivaa tena. Hakukubali kuviacha mpaka vilipombana.

Nilitaka kujitetea. Visa, kazi, ada. Nikauliza vilikuwa viatu gani. Vyekundu, akasema, vya kufunga kwa kishikizo. Nilivinunua mimi, nilikuwa nimesahau kabisa.

Ameongea kwa Kiswahili tangu saa kumi na moja jioni mpaka tukasikia njaa. Nimelia. Yeye hakulia. Tumekula mkate mkavu na chai.

Halafu akasema nimwambie shangazi asije Jumamosi. Sababu hakutaja, nami sikuuliza.

Nimempigia Eliza. Akauliza, sasa aje lini? Nikamwambia sijui, wifi. Ndiyo kwanza tumefika mwaka wa pili kati ya ile sita.